Duka Lisilotafuta Faida

Mche wa sabuni ya kufulia ulikatwa kwa waya mwembamba uliofungwa vijiti viwili kwenye ncha zake. Baba aliulaza mche juu ya ubao, akaupima kwa rula yangu ya shule, akatia alama kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akauvuta waya kwa mikono miwili mpaka kipande kikaachana na mwenzake. Vipande vilipaswa kulingana. Kimoja kikionekana kupungua, baba alikwangua mabaki yaliyoganda kwenye waya na kuyabandika juu yake huku mnunuzi akitazama. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 10, na kazi yangu ilikuwa kuokota makombo ya sabuni yaliyoanguka chini na kuyatia katika kopo, kwa sababu makombo nayo yalikuwa na mahali pake katika daftari.

Lilikuwa duka la kijiji, katika nyanda za juu za Njombe, mwaka 1976, na halikutafuta faida. Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, anayesoma uchumi chuo kikuu, alinipigia simu na kuniuliza, “Baba mdogo, hivi wewe unaweza kuiwaza jamii ambayo haiendeshwi na faida?” Nilimjibu kwamba sina haja ya kuiwaza sana, kwa kuwa nimewahi kukaa nyuma ya kaunta yake. Akacheka, akidhani huo ni mzaha wa wazee, kisha salio lake likaisha. Ninayoyaandika hapa ni jibu ambalo simu ile haikulitosheleza.

Wasomaji waliozaliwa baada ya miaka hiyo watahitaji maelezo machache. Azimio la Arusha, lililoiweka Tanzania katika siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa Februari 1967, na likafuatwa na wito wa watu kuishi na kufanya kazi pamoja katika vijiji vya ujamaa. Kwa miaka kadhaa wito ulibaki wito, mpaka Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini kutakuwa jambo la lazima. Sheria ya mwaka 1975 ilikipa kijiji hadhi ya kuendesha shughuli za uchumi, Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na katika mwaka huohuo ikaja kampeni ambayo watu waliiita Operesheni Maduka, iliyolenga kufunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji. Kwetu alikuwapo mfanyabiashara mmoja Mkinga, ambaye duka lake liliuza kila kitu kuanzia sindano hadi jembe. Aliamka asubuhi moja, akapakia vitu vyake kwenye lori, akaenda zake Makambako. Baba yangu alikuwa amesoma hadi darasa la nane na alikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo mkutano wa kijiji ukamchagua kuwa muuza duka. Posho yake ilikuwa ndogo mno, na mama hakuacha kulitaja jambo hilo mpaka siku alipofariki.

Bei zilipangwa na serikali. Bidhaa zilitoka katika kampuni za biashara za mikoa, zile ambazo wengi tulizijua kwa kifupi chake cha RTC, na kijiji kiliongeza senti chache za usafiri tu. Mwalimu mkuu alinunua chumvi kwa bei ileile aliyonunulia mjane. Hakuna aliyetajirika kutokana na duka lile, na kwa miaka miwili ya mwanzo sikumbuki malalamiko yoyote ya maana. Nikitafuta sababu ya utulivu huo, naiona katika jambo ambalo wakati ule sikulipa uzito. Kila Jumapili baada ya ibada baba alisimama chini ya mkaratusi na kusoma daftari kwa sauti: bidhaa zilizoingia, zilizouzwa, zilizobaki, pamoja na fedha iliyokuwa sandukuni. Juu ya mlango wa duka alikuwa amebandika kipande cha boksi chenye maandishi ya rangi nyekundu yasemayo, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Watu walichoka kumsikiliza, wengine waliondoka kabla hajamaliza, lakini walijua kwamba akikosea yupo atakayemkosoa, na yeye alijua kwamba wanajua.

Kisha bidhaa zikaadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vilianza mwishoni mwa mwaka 1978, bei ya mafuta duniani ikapanda, na fedha za kigeni zikaisha nchini. Sukari iliyokuwa ikija kwa magunia ikaanza kuja kwa gunia moja, kisha nusu gunia, baadaye ikawa kilo moja kwa kaya, na miezi mingine hata kilo hiyo haikupatikana. Wakati huo ndipo vilipoingia vimemo.

Kimemo kilikuwa karatasi ndogo, mara nyingi iliyochanwa kutoka daftari la shule, yenye jina la mtu, kiasi cha bidhaa na sahihi ya mkubwa fulani. Kilikuja mkononi mwa mtoto, baada ya giza kuingia, kupitia mlango wa uani. “Mpatie mleta kimemo hiki sukari kilo mbili.” Baba hakuwa mwizi, nami namtetea bila aibu, lakini alikuwa mtu mwenye mke na watoto sita katika kijiji ambacho aliyetia sahihi kwenye kimemo ndiye aliyegawa mashamba. Alitoa. Tena aliviandika vimemo vyote katika ukurasa wa mwisho wa daftari, ukurasa ambao Jumapili hakuusoma.

Jioni moja mwaka 1981 shangazi yangu, dada wa baba wa tumbo moja, alifika dukani. Mume wake alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo, na watu walikuwa wamejaa nyumbani kwake wakisubiri mazishi ya kesho. Alihitaji sukari ya chai ya msibani na kipande cha sabuni. Baba alimwambia hakuna. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia tupu, na nyuma ya gunia hilo kulikuwa na mfuko wa kilo tatu na miche miwili ya sabuni, vyote vimewekwa akiba kwa ajili ya kimemo kilichotangulia. Shangazi alinitazama mimi, akalitazama gunia, akamtazama kaka yake. Hakusema neno. Alijifunga upya kitenge chake na kuondoka, na kwa miaka minne iliyofuata salamu zake kwa baba zilipitia kwa watoto.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko tukio jingine lolote la utoto wangu. Watu wengi wa rika langu, wakiulizwa kwa nini mipango ile ilishindikana, husema kwamba binadamu ni mbinafsi na bila faida hafanyi kazi. Mimi niliyekuwa juu ya gunia sikuona hivyo. Baba alifanya kazi kutoka alfajiri hadi usiku bila faida yoyote. Kilichoharibika ni kwamba, bidhaa zilipopungua, lilihitajika jambo jingine la kuamua nani apate na nani akose. Fedha ilikuwa imeondolewa katika uamuzi huo, na mkutano wa hadhara haukuwahi kukabidhiwa uamuzi wenyewe. Pengo hilo likajazwa na kujuana. Angeulizwa mkutano chini ya mkaratusi kama sukari kilo tatu iende msibani au kwa mkubwa, nina hakika jibu lingepatikana kabla swali halijaisha. Mkutano haukuulizwa.

Mwisho wa duka ulikuja kwa njia isiyo na heshima. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi ulioendeshwa nchi nzima chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, wakaguzi walifika kijijini, wakahesabu, wakakuta upungufu wa shilingi 430. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa mikopo ambayo baba aliwapa watu kwa huruma: chumvi ya mzee fulani, mafuta ya taa ya mwanafunzi aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani, jembe moja. Hakufungwa. Aliuza ng'ombe na kulipa. Kuanzia mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara, na haukupita muda mrefu Mkinga wetu akarudi na lori. Duka lake lilifunguliwa mapema na kufungwa usiku, lilikuwa na sukari ya kutosha, bei ilikuwa juu, na ukiwa na shida alikukopesha. Kijiji kizima kilimpenda. Nami nilimpenda, nikaamua nitakuwa kama yeye.

Nilikuwa kama yeye kwa miaka 11. Nilinunua viazi mviringo kwa wakulima wa vijiji vya jirani na kuvipeleka Dar es Salaam kwa magari ya kukodi. Anayeijua biashara hiyo ameshajua nitakachokiri. Viazi vilinunuliwa kwa lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba cha neti juu yake, viazi vinapangwa kwa ustadi kama mtu anayejenga ukuta wa duara, na kinachoitwa gunia moja kinakuwa karibu gunia moja na nusu. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, na kila mtu barabarani anaijua.

Msimu mmoja nilikwenda shambani kwa jirani yetu wa zamani, mzee aliyekuwa akilala kwenye benchi la duka la baba akisubiri mvua ikatike. Nilitaka kumwondolea kilemba. Nilipiga hesabu usiku kucha kwa mwanga wa koroboi. Ningenunua kwa gunia la kawaida, gharama yangu kwa kila kilo ingekuwa kubwa kuliko ya wenzangu, na sokoni mnunuzi asingeniuliza jinsi nilivyonunua, angeniuliza bei. Ningefanya hivyo msimu mmoja, nikaanguka, na msimu uliofuata mzee yule angeuza kwa mwingine, kwa lumbesa. Asubuhi nilinunua kwa lumbesa. Mzee alikishonea kilemba kwa mkono wake mwenyewe, kwa sindano ndefu na kamba ya katani, huku akinisimulia habari za marehemu baba yangu.

Hapo ndipo nilipouelewa ule msemo ambao mwanangu wa chuo kikuu anautumia kwa wepesi, wa jamii inayoendeshwa na faida. Uzito wake umo katika kitenzi hicho. Katika jamii hiyo tamaa si lazima. Mtu asiye na tamaa hulazimika kutenda kama mwenye tamaa ili asiondolewe katika kazi. Gari hilo lina dereva wake, na abiria akiwa mwema au mbaya litafika kulekule.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa seremala, na katika miaka ya 60 alifanya kazi upande wa Songea. Alipenda kutusimulia habari za Litowa. Vijana wa TANU, chama tawala cha miaka hiyo, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha hapo kijiji chao kwa hiari yao kabla Azimio la Arusha halijaandikwa, na vijiji vingine vikawafuata mpaka vikafikia 17, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walikuwa na shule yao, mashine ya kusaga nafaka, mashine ya kupasua mbao, na kilichozidi kilirudi katika chama. Mjomba hakusifia mashine. Alichokikumbuka ni mikutano. “Walikuwa wanakaa mkutanoni mpaka njaa inauma,” alikuwa akisema, “na hakuna aliyetumwa na mkubwa kuja kuwaambia walime nini.” Chama hicho kilipigwa marufuku Septemba 1969, kwa uamuzi wa uongozi wa chama tawala. Kijiji chetu kilizaliwa miaka michache baadaye, kwa amri, na kikapewa jina lilelile la ujamaa. Mjomba alikuwa akiishia hapo, kisha anaomba maji ya kunywa.

Na ni maji yaliyonirudisha katika mambo haya. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa vijijini maji safi ndani ya mita 400, bila malipo. Kwetu bomba la mserereko lilijengwa, likatoka chemchemi ya mlimani hadi vituo vinne. Lilifanya kazi kwa muda mfupi. Koki zilipokufa hakuna aliyenunua nyingine, kwa kuwa maji yalikuwa ya serikali, na serikali haikai kijijini. Wanawake wakarudi mtoni. Sera ya maji ya mwaka 1991 ilianza kuzungumzia wananchi kuchangia gharama, na ile ya mwaka 2002 ikaweka wazi kwamba jamii zenyewe zimiliki na kuziendesha huduma hizo. Mradi wetu ulifufuliwa. Mwaka 2008, nikiwa nimeachana na viazi baada ya gari kupinduka na kunivunja nyonga, mkutano ulinichagua kuwa mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji. Nilikubali kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu: nilitaka kusoma ule ukurasa wa mwisho wa daftari.

Tulikubaliana kila kaya ilipe shilingi 1,000 kwa mwezi. Wazee wasiojiweza wangesamehewa, na majina yao yangepitishwa mkutanoni, si katika ofisi ya mtu. Nje ya ofisi ya kijiji tulisimamisha ubao mweusi ulioazimwa shuleni, na kila tarehe 5 niliandika juu yake kwa chaki mapato, matumizi, wadaiwa kwa majina, na waliosamehewa kwa majina pia. Jambo hili la mwisho lilileta ugomvi, kwani baadhi waliona ni kuwadhalilisha wazee. Mwishowe wazee wenyewe ndio walioamua majina yabaki, kwa hoja kwamba jina likifichwa leo, kesho litaongezwa la kijana mwenye nguvu zake.

Tulikosea mahali pawili, na makosa yote mawili yalikuwa yangu kwa sehemu kubwa.

La kwanza lilimhusu fundi. Tulimchagua kijana mmoja aliyejifunza kufunga mabomba, na kwa kuwa mradi ulikuwa wa wote, tulimwona naye kuwa mtu wa kujitolea. Mwezi wa kwanza tulimpa shukrani, wa pili shukrani, wa tatu shilingi kidogo, wa nne tukamwambia asubiri. Mwezi wa tano alikwenda kufanya kazi katika shamba la parachichi la mtu mmoja, na bomba likapasuka siku hiyohiyo. Tulikwenda ujumbe wa watu watatu kumsihi. Alituuliza, kwa adabu kubwa, kama mke wake akienda dukani atalipa kwa shukrani. Tulikuwa tumechanganya mambo mawili, kazi isiyotafuta faida na kazi isiyolipwa, na kwa kuchanganya hivyo tulimtwisha mtu mmoja mzigo ambao tulijisifu kuubeba sisi sote. Namfikiria baba kila ninapokumbuka swali lile, na posho yake, na mama.

La pili lilikuwa la mahesabu. Mwisho wa mwaka wa pili tulikuwa na ziada, nami nikapendekeza tupunguze mchango, maana niliogopa kwamba fedha iliyokaa itaanza kunukia faida. Tulipunguza. Sikutenga chochote kwa ajili ya uchakavu wa mabomba. Mvua za mwaka 2011 ziliporomosha udongo kwenye chanzo na kuchukua mabomba ya inchi mbili kwa urefu wa kama viwanja viwili vya mpira, na sandukuni kulikuwa na fedha ya kununua robo yake. Mfanyabiashara yeyote angekuwa ameitenga, kwa kuwa hofu ya hasara inamfundisha. Mimi sikuwa na mwalimu huyo, wala sikuwa nimejitafutia mwingine. Kilichotuokoa ni mgowe, yaani kazi ya kusaidiana. Kwa siku tisa kaya zote zilipanda mlimani kuchimba mitaro, wanawake wakapika ugali na kande, jioni ulanzi, pombe ya mianzi, ukanywewa, na aliyekosekana alituma mtu wa badala yake. Mgowe ni wa zamani kuliko duka la kijiji na duka la Mkinga. Unalima shamba la mtu leo, kesho analima lako, na hesabu yake iko vichwani mwa watu na haikosei. Fedha ya mabomba tuliikusanya kwa mchango wa ziada, kwa tabu, na wengine wananidai maelezo mpaka leo.

Lakini mtihani wenyewe ulikuja na parachichi. Katika miaka ya karibuni zao hilo limeenea Njombe kwa kasi, na mti mchanga wa parachichi unataka maji wakati wa kiangazi. Mkulima mmoja mkubwa, mwenyeji wa huku aliyepata fedha mjini, alikuja mkutanoni na ombi. Alitaka kuunganishiwa bomba shambani kwake, anyweshe miche usiku wakati watu wamelala, na alikuwa tayari kulipa kwa mwezi fedha ambayo kaya zote za kitongoji kizima zisingeifikia. Alizungumza vizuri. Alisema, “Mradi wenu hauna faida. Mkinikubalia, mwakani mtajenga tangi la pili.” Na nusu ya mkutano ilitikisa kichwa kukubali, nami nilikuwa miongoni mwao, maana nilishaanza kuhesabu bei ya saruji.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini akimenya miwa aliomba nafasi. Alisema faida ya mradi ni kwamba yeye haendi tena mtoni, na kama faida nyingine ipo basi aonyeshwe. Watu walicheka, lakini lilikuwa jibu kamili. Kiswahili kimelipa neno hilo maana mbili, pato linalobaki baada ya kuuza na manufaa ya kitu, na mkulima yule alikuwa akitumia ya kwanza, bibi akitumia ya pili, bila yeyote kati yao kukosea lugha. Nimesikia watu wakisema kwamba jamii isiyofuata faida itakuwa jamii isiyo na faida. Nadhani mchanganyiko huo wa maneno umetugharimu mengi.

Ubishi uliendelea kwa mikutano mitatu. Wapo waliotaka mkulima akataliwe kabisa, kwa chuki zaidi kuliko hoja, na wapo waliotaka fedha yake yote. Fundi, ambaye wakati huo alikuwa akilipwa na kwa hiyo alikuwapo, ndiye aliyetutoa. Alieleza kwamba usiku tangi likijaa, maji hufurika na kumwagika bondeni bure kupitia bomba la kufurikia. Mkulima avute bomba lake kutoka hapo, kwa gharama zake, achukue yanayomwagika. Tangi likiwa halijajaa hapati hata tone. Alipie kiasi kitakachopangwa mkutanoni, na fedha hiyo iingie katika mfuko wa uchakavu peke yake, isiguswe kwa jambo jingine. Hivyo ndivyo tulivyoamua. Mkulima hakufurahi, kwa kuwa kiangazi ndicho kipindi ambacho tangi hufurika kidogo. Baadaye alichimba bwawa la kukusanyia maji ya mvua, akaweka karatasi la nailoni, na miche yake inaendelea vizuri. Amepata faida yake, nami namtakia heri.

Mwaka 2019 sheria mpya ilianzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na jumuiya yetu hatimaye ikaunganishwa na za vijiji jirani kuwa chombo kimoja. Kuna mhasibu kijana sasa mwenye kompyuta, na kazi yake ni safi kuliko yangu. Mimi nimebaki mjumbe tu. Ubao tuliugombea usiondolewe, ingawa taarifa sasa zinachapwa, kwa sababu karatasi iliyochapwa hubandikwa juu sana na hakuna bibi anayeinua shingo kuisoma.

Basi mwanangu, nikirudi kwenye swali lako. Kuiwaza nchi nzima hivyo ni kazi kubwa kuliko kichwa changu. Sijaona dawa za hospitali wala simu unayonipigia zikitengenezwa kwa mgowe, na sitajifanya nimeona. Ninachoweza kukiwaza ni kile nilichokishika kwa mkono, nacho ni mahali ambapo bei inapangwa na wanaoilipa, anayefanya kazi analipwa na kazi yake inaonekana, na kunapokuwa na upungufu, anayekosa anaambiwa mbele ya watu sababu ya kukosa. Wewe uliniambia itabidi kwanza watu wabadilike mioyo. Mimi nawajua watu hawa tangu wanakunja sukari katika kipande cha gazeti. Mioyo yao ni ileile iliyokuwapo siku ya kimemo, na ileile iliyopanda mlimani siku tisa.

Mkutano wa mwezi uliopita ulifanyika chini ya mkaratusi uleule, ambao sasa ni mzee na tawi lake moja limekatwa lisiangukie ofisi. Mhasibu alisoma, watu wakasinzia kama kawaida. Alipofika kwenye vifaa vya matengenezo, yule bibi wa miwa akaomba arudie. Spana moja, iliyonunuliwa Makambako na mjumbe, ambaye ni mimi, shilingi 18,000. Bibi alitaka kujua kama kuna risiti. Mhasibu alipekua faili lake mara mbili, kisha akanitazama. Nilipapasa mfuko wa koti, nikapapasa wa pili, nikakumbuka kwamba siku ile nilikuwa nimevaa koti jingine, la kijivu. Nikaomba mkutano unisubiri, nikashika fimbo yangu, nikaanza kupanda kilima kwenda nyumbani kuitafuta, na nyuma yangu nikasikia mwenyekiti akisema kwamba ajenda inayofuata haitaanza mpaka nirudi.